Zana ya kusoma logi kwa wakala wa akili bandia

Zana ya kusoma logi kwa wakala wa akili bandia ni programu inayomwezesha wakala huyo kupata logi za seva na za makontena ili atafute chanzo cha hitilafu. Wakala ni programu inayotumia modeli kubwa ya lugha kupanga hatua za kazi na kuziita programu nyingine zimsaidie. Logi ni maandishi ambayo programu huyatoa inapofanya kazi: tarehe na saa, tukio lililotokea, na mara nyingi uzito wa tukio hilo. Neno hili limetoka katika Kiingereza, ambako awali lilihusu daftari la safari ya meli, lile ambalo kwa Kiswahili huitwa batli.

Historia

Katika miaka ya 1980 Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza syslog kama sehemu ya Sendmail, programu ya barua pepe. Syslog ilienea katika mifumo ya Unix, na mwaka 2009 itifaki yake iliandikwa upya katika hati ya RFC 5424. Ina viwango 8 vya uzito, kuanzia 0 (mfumo hautumiki kabisa) hadi 7 (maelezo ya kuwasaidia watengenezaji). Kwa muda mrefu logi zilikaa kwenye mafaili ndani ya seva yenyewe, na fundi aliingia humo kuzisoma kwa amri kama grep na tail.

Hali ilibadilika baada ya kutolewa kwa Docker mwaka 2013 na Kubernetes mwaka 2014. Huduma moja sasa hugawanywa katika makontena mengi, na kila kontena lina logi zake. Tena makontena hayadumu. Likianguka moja, Kubernetes huliwasha upya, na amri ya kawaida ya kusoma logi huonyesha za kontena jipya tu, ambamo mambo yote yanaonekana shwari. Sababu ya kuanguka imo katika logi za kontena lililotangulia, ambazo huombwa kwa chaguo la pekee, --previous. Podi ikiondolewa kabisa, logi zake nazo hufutwa kwenye mashine hiyo, isipokuwa kama zilikwisha kutumwa kwenye hifadhi nyingine.

Utendaji

Modeli yenyewe haiwezi kuifikia seva. Huandika ombi, zana hulitekeleza, kisha hurudisha maandishi. Tangu Novemba 2024 maombi ya namna hii mara nyingi hupitia Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Anthropic. Ombi hutaja jina la kontena, kipindi cha muda, maneno ya kutafutwa na idadi ya mistari.

Mipaka hiyo ni ya lazima, kwa kuwa seva yenye shughuli nyingi inaweza kuandika mamilioni ya mistari kwa siku, ilhali modeli hupokea kiasi maalumu cha maandishi kwa mara moja. Hata hivyo, kuchuja kupita kiasi hupotosha. Mstari wenye neno "kosa" mara nyingi ni matokeo tu. Chanzo chake kinaweza kuwa onyo dogo lililoandikwa dakika kadhaa kabla, katika kontena jingine.

Saa nazo huleta mkanganyiko. Seva nyingi huandika kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Mteja wa Dar es Salaam akisema huduma ilikatika saa mbili asubuhi, tukio hilo huonekana katika logi kama 05:00. Wakala akitafuta 02:00 au 08:00 hatalikuta, na anaweza kutoa jibu kwamba hakukuwa na tatizo.

Usalama

Logi huweza kubeba siri bila mtu kukusudia. Mwezi Mei 2018 Twitter ilitangaza kwamba hitilafu ilisababisha nywila kuandikwa wazi katika logi zake za ndani, ikawashauri watumiaji wake wote kuzibadilisha. Kwa hiyo nywila na taarifa binafsi zinapaswa kufichwa kabla maandishi hayajaifikia modeli, hasa ikiwa modeli inaendeshwa na kampuni nyingine.

Hatari ya pili ni kwamba sehemu ya logi huandikwa na watu wa nje. Jina la kivinjari au anwani ya ukurasa ulioombwa huingia katika logi kama mgeni alivyoituma. Kasoro ya Log4Shell, iliyotangazwa Desemba 2021 katika maktaba ya Log4j, ilitumia njia hiyohiyo: maandishi yaliyotumwa na mshambuliaji yalichukuliwa na programu ya kuandika logi kuwa maagizo. Kwa wakala wa akili bandia hatari hiyo hurudi kwa sura nyingine, kwani mshambuliaji anaweza kutuma sentensi ya kawaida inayomwamuru wakala afute data au atume siri mahali fulani, na modeli ikaitii. Kumwonya wakala kwa maneno hakutoshi. Kinga iliyo thabiti zaidi ni kuipa zana ruhusa ya kusoma pekee, katika makontena yaliyotajwa tu, na kuacha uamuzi wa kuwasha upya au kufuta chochote kwa binadamu.