Meno 39 kwa 8

Ukifungua difu ya Jeep ya kijeshi, ile Willys MB iliyoanza kuundwa mwaka 1941, utakuta gia mbili zinazokutana kwa pembe: pinyoni ndogo yenye meno 8 na krauni kubwa yenye meno 39. Gawa 39 kwa 8 upate 4.875, ambayo mafundi huiita 4.88. Ni kusema propela shafti huzunguka karibu mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Namba hiyo ikiwa kubwa, gari hupata nguvu na kupoteza mbio. Ikiwa ndogo, gari hukimbia barabarani na kuhema mlimani.

Kwa nini 39, na si 40? Meno 40 kwa 8 yangetoa 5 kamili, lakini kila jino la pinyoni lingegonga meno yale yale matano ya krauni maisha yake yote. Kwa 39, jino moja hupitia meno yote kabla ya kurudi lilikoanzia, na uchakavu unagawanyika sawasawa. Ndiyo maana namba za difu huwa na mikia ya ajabu: 3.73 ni meno 41 kwa 11, 4.56 ni 41 kwa 9, na 5.38 ni 43 kwa 8.

Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo la kubeba askari na kuvuta trela, lakini lisiachwe nyuma na msafara. Kwa injini ya lita 2.2 yenye nguvu za farasi 60 na matairi membamba ya kimo cha inchi 28 hivi, 4.88 ilitosha. Kampuni za Willys na Ford ziliunda zaidi ya magari 600,000 ya aina hiyo kabla vita havijaisha.

Amani ilipokuja, Willys ikamgeukia mkulima. CJ-2A ya mwaka 1945 ilifanana sana na kaka yake wa jeshini, ila uvunguni mambo yalikuwa mengine. Difu zilipandishwa hadi 5.38. Gia nzito ya transfa kesi, kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ilitoka 1.97 ikafika 2.43. Ukizidisha zote pamoja na gia namba moja, injini ya jeshi ilizunguka mara 26 hivi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ya mkulima, mara 37 hivi. Jembe la plau linataka mwendo wa ng'ombe, na huo ndio alioupata. Barabara kuu ilikuwa shida nyingine: hapo injini ililia kama mashine ya kusaga.

Uingereza nayo ilijifunza kwa gari lile lile. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya jeshi kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, na gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep mwaka 1947. Land Rover zilizotoka humo, ambazo wazee wengi wa Tanzania na Kenya wanazikumbuka kwa bwana shamba au bwana misitu, zilikaa na 4.7 kwa miongo mitatu.

Kule Marekani, walioigundua thamani ya gari la mkulima walikuwa watu wa starehe. Mwaka 1953 magari 55 ya Jeep yaliondoka Georgetown, California, yakavuka miamba ya njia ya Rubicon hadi Ziwa Tahoe. Ndiyo safari iliyokuja kuwa Jeepers Jamboree ya kila mwaka. Kwenye miamba, tairi kubwa ni dawa: huinua uvungu na kupita juu ya jiwe ambalo tairi dogo lingekwama mbele yake. Lakini tairi kubwa hutembea mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo hula namba ya difu kimyakimya. Mwenye 5.38 alikuwa na akiba ya kuliwa.

Akiba hiyo iliisha baada ya Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta. Mwanzoni mwa 1974 mwendo kwenye barabara za Marekani uliwekewa kikomo cha kilomita 88 kwa saa, na sheria ya 1975 ikavitaka viwanda vitengeneze magari yanayobana mafuta. Namba ya difu ni mahali rahisi pa kubania. Mapema miaka ya 1980 baadhi ya Jeep aina ya CJ-7 zilitoka kiwandani na 2.73. Mnunuzi aliyezifunga matairi ya inchi 33 alibaki na kitu kama 2.3: klachi inanuka, na gia ya juu ni pambo tu.

Biashara ya kubadilisha krauni na pinyoni iliota kwenye upungufu huo. Hesabu yake ni fupi: kimo cha tairi jipya gawa kwa cha zamani, kisha zidisha kwa namba ya zamani. Kutoka inchi 29 hadi 35, difu ya 3.73 inahitaji 4.5, na iliyopo dukani ni 4.56. Wengi huongeza ngazi moja zaidi, na wana haki, kwani tairi kubwa pia ni zito. Gharama ndiyo inayouma: difu ya mbele na ya nyuma lazima zibadilishwe pamoja, la sivyo gari likiingizwa magurudumu manne kwenye ardhi ngumu litapigana na nafsi yake hadi chuma kimoja kisalimu amri. Na namba haipandi bila mwisho. Krauni ikibaki na ukubwa ule ule, pinyoni lazima ipungue, na pinyoni nyembamba huvunjika upesi.

Kiwanda kilichelewa kuwasikia watu hawa. Kwa toleo la mwaka 2003 Jeep ilileta Wrangler Rubicon, yenye jina la ile njia ya miamba, ikiwa na 4.11 na transfa kesi ya 4 kwa 1. Mwaka 2021 ikaja na matairi ya inchi 35 na difu za 4.56, na muda mfupi baadaye, kwa wapenzi wa gia za mkono, 4.88.

Namba ni ile ile ya 1941, kazi si ile ile. Kwa kimo cha tairi la vita, 4.88 hii mpya ingesomeka 3.9. Wa kulibeba gari sasa ni injini ya nguvu za farasi 285, na giaboksi ambayo namba moja yake ni 5.13, karibu mara mbili ya ile ya Willys.