Amplifaya na spika za zamani: kagua haya kabla ya kulipa

Msimu wa kuuza mazao ukifika, wasikilizaji wetu hutuuliza: amplifaya ya Sansui, Pioneer au Marantz ya miaka ya 1970, iliyotumika Japani, inafaa kuliko redio mpya ya dukani? Inaweza kufaa. Vyombo vile vilitengenezwa imara, na fundi anaweza kuvifungua na kubadilisha kifaa kimoja kimoja. Lakini bei ya muuzaji siyo gharama yote.

Umeme
Soma maandishi ya nyuma ya chombo. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu hapa Tanzania ni 230. Kikiwa ni cha volti 100 tu, ukikichomeka ukutani kinaweza kuungua papo hapo. Kitahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zinazozidi za chombo chenyewe. Vingine vina swichi ya kuchagua volti. Hivyo ndivyo vya kutafuta. Kama unatumia sola, linganisha kwanza wati zake na uwezo wa inveta yako, kwa sababu amplifaya kubwa za zamani hula umeme mwingi.

Masafa ya FM
Redio za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani huishia FM 90, wakati stesheni za hapa kwetu zinafika hadi 108. Wenye magari ya Japani wanalijua tatizo hili. Unaweza kulipa fedha nyingi ukakosa hata kutusikia sisi. Amplifaya isiyo na redio haina tatizo hilo. Utaunganisha simu au redio yako kwa waya.

Spika
Toa kitambaa cha mbele. Spika nyingi za zamani zina ukingo wa sponji, nao huoza hata kama spika haikutumika. Ukimeguka kwa kidole, fundi anaweza kuubadilisha, lakini bei ishuke. Kisha sukuma karatasi ya spika taratibu. Ikikwaruza ndani, iache.

Amplifaya
Iwashe, upige muziki nusu saa. Joto kiasi ni kawaida, harufu ya kuungua siyo. Mikwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti mara nyingi ni vumbi tu. Mngurumo usiokoma hata ukishusha sauti kabisa huweza kuwa dalili ya kapasita zilizokauka, na hiyo ni kazi ya fundi. Usifungue mwenyewe: kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Mwisho, jumlisha bei, transfoma, fundi na nauli. Kama jumla inagusa fedha ya mbegu au ada ya watoto, subiri msimu mwingine. Na muuzaji akikataa kukiwasha chombo mbele yako, usinunue.