Seva kuukuu yaweza kuwa kompyuta ya nyumbani, ila bili ya stima yangoja

SEVA iliyohudumia ofisi nzima kwa miaka kumi yaweza kugeuzwa kuwa kompyuta ya nyumbani. Hata hivyo, anayeichukua yafaa ajue mapema kwamba uzani wake, kelele zake na njaa yake ya umeme vitahamia nyumbani pamoja nayo.

Fursa hiyo haiko mbali na wakazi wa Kitisuru, magharibi mwa Nairobi. Mtaa huo uko karibu na Gigiri, yaliko makao ya Umoja wa Mataifa jijini, na pia karibu na Westlands yenye ofisi nyingi za mabenki, mashirika na kampuni. Ofisi zinapobadilisha mitambo, ile ya zamani hupigwa mnada, huuzwa kwa wafanyakazi au hutolewa bure kwa yeyote aliye na gari la kuibeba.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na Kenya ikaacha kutegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na ulimwengu. Kasi ilipoongezeka na gharama kushuka, kampuni nyingi zikaona hakuna haja ya kuweka seva zao katika chumba chenye kiyoyozi, ilhali zaweza kukodi nafasi katika vituo vikubwa vya data. Seva zilizobaki bila kazi ni ngumu, zilijengwa kuwaka usiku na mchana, na nyingi bado ni nzima.

Swali la kwanza ni umbo. Zipo seva za mnara, zinazosimama wima kama kompyuta ya kawaida ila kwa unene zaidi, na zipo za rafu, ambazo ni bapa na ndefu, na hulazwa moja juu ya nyingine kabatini. Dell PowerEdge T ni mfano wa kundi la kwanza. PowerEdge R710, iliyoingia sokoni mwaka 2009, na HP ProLiant DL380 ni za kundi la pili.

Mtu anayetafuta mashine ya kuweka mezani achague mnara. Seva ya rafu kama R710 ina uzani wa takriban kilo 26 ikiwa imejaa diski, na feni zake ndogo huzunguka kwa kasi kubwa ili kusukuma hewa katika mwili huo mwembamba. Inapowashwa hunguruma kama kinu cha kusaga mahindi kabla ya kutulia. Katikati ya jiji kelele hiyo huenda ikamezwa na honi za matatu. Kitisuru, ambako usiku mtu husikia vyura na mbwa wa jirani, hakuna cha kuificha.

Swali la pili ni stima, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Seva ya rafu yenye prosesa mbili za miaka ya 2009 hadi 2012 yaweza kula wati 150 hata isipofanya kazi yoyote ya maana. Ikiwashwa saa 8 kila siku, hiyo ni uniti 36 kwa mwezi. Mwenye nyumba anayelipa Sh28 kwa uniti atatoa Sh1,008. Akiiacha iwake usiku na mchana, uniti hufika 108 na malipo Sh3,024. Kompyuta ndogo ya mezani inayotumia wati 30 kwa saa 8 humaliza uniti 7.2 pekee kwa mwezi, yaani takriban Sh202. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mashine iliyopatikana bure huenda ikawa imemgharimu mwenyewe zaidi ya ile iliyonunuliwa.

Hesabu hiyo yaweza kupunguzwa. Seva nyingi zenye prosesa mbili huwaka kwa moja, na kuitoa ya pili huokoa umeme, ingawa nafasi za ramu zinazoihudumia prosesa hiyo hulala. Pawasaplai mbili zipo ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Nyumbani moja yatosha, na taa ya onyo itakayowaka si dalili ya ubovu. Diski sita zinazozunguka zaweza kutolewa, pahala pake pakawekwa diski moja isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na kasi ya kufungua programu itaongezeka kuliko kwa badiliko lingine lolote.

Yapo mambo ambayo seva haikuzaliwa nayo. Nyingi hazina sauti kabisa. Adapta ndogo ya kuchomeka katika tundu la USB hutatua hilo. Picha ndiyo kazi ngumu. R710 ina kichipu cha michoro cha Matrox chenye kumbukumbu ya megabaiti 8 tu, kilichokusudiwa kumwonyesha fundi maandishi. Video itakwamakwama.

Kadi ya michoro basi huhitajika, lakini tundu nyingi za seva ni fupi na zimefungwa mwishoni, hivyo kadi ndefu ya kawaida haiingii. Pawasaplai nayo mara nyingi haina waya wa ziada wa kuilisha kadi kubwa. Inayofaa ni kadi ndogo, inayotosheka na umeme wa tundu lenyewe. Tena baadhi ya seva, zikikuta kadi zisizoitambua, hukimbiza feni kwa kasi zaidi.

Ramu ya seva haifai kuhesabiwa kama mali ya kuhamishia kompyuta nyingine. Hiyo hurekebisha makosa yake yenyewe, na aina iliyo katika seva nyingi haikubaliwi na bodi za kompyuta za kawaida. Diski za SAS nazo haziingii katika tundu la SATA, ingawa diski ya SATA huingia katika tundu la SAS. Fundi wa Luthuli Avenue atayajua haya. Mnunuzi aliyeagiza vipuri kabla ya kuuliza huyajua baadaye.

Kuhusu programu, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa umma mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za umri huo. Njia iliyobaki wazi ni Linux, mathalani Debian, Ubuntu au Mint, ambazo hazilipiwi na zinazijua seva vizuri kwani nyingi ziliendeshwa nazo tangu mwanzo. Mtumiaji asishangae mashine ikichukua dakika kadhaa kujikagua kabla ya kuwaka. Hali ya usingizi pia mara nyingi haipo: seva ama iko macho, ama imezimwa.

Lililo zito kuliko yote ni diski zilizokuja na mashine. Kufuta faili huondoa tu anwani yake, na maandishi hubaki hadi yaandikwe juu. Seva ya hospitali, shule au chama cha akiba yaweza kuwa na majina, nambari za vitambulisho na mishahara ya mamia ya watu. Ikiwa diski mbili ziliwekwa kama pacha, kila moja ina nakala kamili ya yote.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitaka taasisi kulinda habari za watu binafsi, na faini yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Ofisi inayotoa seva haina budi kuzifuta diski au kuzibakiza. Aliyezipokea zikiwa na data asizifungue kwa udadisi. Azirudishe, au azifute. Programu ya shred, inayopatikana katika Linux nyingi, huandika juu ya diski nzima, na kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Diski zisizozunguka zina amri yao maalumu ya kufuta, kwani kuandika juu hakufikii kila sehemu.

Seva isiyofufuka haifai kutupwa pamoja na taka za jikoni. Mnamo 2006 nchi wanachama wa Mkataba wa Basel zilikutana Nairobi na kutoa azimio kuhusu taka za kielektroniki, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imewabebesha watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wajibu wa kushughulikia mabaki yake. Kituo cha WEEE, kilichoko Utawala mashariki mwa jiji, huzipokea mashine za aina hiyo na kuzitenganisha. Kabla ya safari hiyo, betri ya kadi inayosimamia diski na ile ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi kuu hutolewa na kufungwa kando.