Sewanee 1899: Mechi Tano kwa Siku Sita

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mapato ya mlangoni. Mwaka 1899 Chuo Kikuu cha Sewanee, chuo kidogo cha kanisa la Kianglikana juu ya milima ya Cumberland katika jimbo la Tennessee, kilikorofishana na watani wake wa jadi, Vanderbilt ya Nashville, juu ya mgawo wa fedha za viingilio. Hakuna aliyekubali kushuka, mechi ikafutwa. Kwa Sewanee hilo lilikuwa pigo, maana mechi ya Vanderbilt ndiyo iliyokuwa ikijaza uwanja na kulisha timu.

Aliyeachiwa mzigo huo alikuwa meneja wa timu, Luke Lea, mwanafunzi wa miaka 20. Badala ya kutafuta mpinzani mmoja wa kuziba pengo, aliandika barua huku na huku hadi akapata watano, tena wote mbali na nyumbani: Texas mjini Austin, Texas A&M mjini Houston, Tulane mjini New Orleans, Louisiana State (LSU) mjini Baton Rouge, na Mississippi mjini Memphis. Nauli ya treni ilikuwa kubwa, kwa hiyo dawa ilikuwa kuzibana mechi zote ndani ya safari moja. Ratiba iliyotoka ilikuwa ya kilomita zipatazo 4,000, na mechi tano kuanzia Alhamisi tarehe 9 Novemba hadi Jumanne tarehe 14.

Msomaji anayejua soka pekee huenda asione ukali wa jambo hili mpaka aelezwe mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani ya wakati huo haikuwa na pasi ya kurusha mbele. Hiyo iliruhusiwa mwaka 1906. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi tano, na njia ya kuzipata ilikuwa moja: mmoja akumbatie mpira, wenzake wamsukume na kumburuta kupita katikati ya ukuta wa wapinzani. Kofia ngumu haikuwa lazima. Wachezaji walewale 11 walishambulia na kulinda, na aliyetolewa nje hakuruhusiwa kurudi, hivyo kutoka kulihesabiwa kuwa aibu. Kuvuka mstari wa mwisho na mpira kulileta pointi tano, na mkwaju uliofuata, ukiingia, uliongeza moja. Vijana walikufa uwanjani mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo Ikulu kuzungumzia jambo hilo.

Mchezo wa namna hiyo ndio Sewanee waliokwenda kuucheza karibu kila siku, wakiwa wachezaji 21 ndani ya behewa la kulala. Walibeba mapipa ya maji ya chemchemi ya mlimani kwao, kwa kuhofia maji ya ugenini yasiwaharibu matumbo. Inasimuliwa kuwa maji yalikumbukwa ila njumu zikasahaulika stesheni, ikabidi ziletwe na treni ya nyuma.

Mjini Austin walishinda 12-0. Nahodha Henry Seibels alipasuka kichwani, akafungwa bendeji, akaendelea. Kesho yake Houston, 10-0. Keshokutwa New Orleans, Tulane wakachapwa 23-0. Jumapili hawakucheza, kama ilivyowapasa vijana wa chuo cha kanisa. Walipelekwa kutembelea shamba la miwa. Jumatatu Baton Rouge ilikuwa 34-0, na Jumanne Memphis 12-0. Jumla pointi 91, na hakuna mpinzani aliyepata hata moja.

Hadithi hii imesimuliwa Kusini mwa Marekani kwa zaidi ya miaka mia, na kila anayeisimulia huyataja majina ya waliofungwa kwa sauti ya mshangao: Texas! LSU! Hapo pana chumvi kidogo. Majina hayo mawili leo ni ya timu zenye viwanja vya watu laki moja, lakini mwaka 1899 hakuna kati ya zile tano iliyokuwa imemaliza miaka saba katika mchezo huu. Sewanee wenyewe walianza mwaka 1891, na kocha wao, Billy Suter, alikuwa ameuchezea Princeton, chuo cha Kaskazini mwa nchi, mchezo huo ulikokomaa. Walikuwa mbele ya wenzao kwa darasa zima. Lililowatisha zaidi lilikuwa uchovu, na mbele ya uchovu ndipo ninapowavulia kofia.

Kwa maoni yangu, mechi ya kuupimia msimu ule haimo kabisa katika zile siku sita. Ilichezwa Montgomery, Alabama, tarehe 30 Novemba, Siku ya Shukrani, dhidi ya Auburn. Kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, yule ambaye jina lake limebaki kwenye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Vijana wake walicheza kwa kasi isiyozoeleka: mchezo ukisimama, wamekwisha kujipanga kwa mwingine kabla mlinzi hajainuka. Sewanee, ambao hawakuwa wameruhusu pointi yoyote katika mechi kumi, waliruhusu kumi siku hiyo. Kila timu ilivuka mstari mara mbili. Auburn walikosa mikwaju yote miwili ya nyongeza. Sewanee walipata mmoja, uliopigwa na Bartlet Sims. Matokeo 11-10.

Siku mbili baadaye, mjini Atlanta, mkwaju wa Rex Kilpatrick, si wa nyongeza bali wa goli ambao siku hizo ulihesabiwa pointi tano, uliwapa ushindi wa 5-0 juu ya North Carolina, na msimu ukafungwa: mechi 12, ushindi 12, pointi 322 kwa 10.

Waliocheza walitawanyika. Ormond Simkins, aliyeogopwa kwa mikwaju yake mirefu na kwa namna alivyowaangusha watu, baadaye alikatwa miguu yote miwili, na inaelezwa kuwa chanzo kilikuwa majeraha ya mpira. Lea, yule meneja wa barua, alianzisha gazeti Nashville, akawa seneta mwaka 1911, na mwezi Januari 1919, akiwa kanali wa jeshi, aliongoza kikundi kilichoingia Uholanzi kwa magari kujaribu kumteka Kaiser Wilhelm wa Ujerumani aliyekimbilia huko. Walirudi mikono mitupu. Miaka ya 1930 alifungwa jela kwa kesi ya benki iliyofilisika North Carolina, kisha akasamehewa.

Na timu? Mwaka 1932 Sewanee walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi kubwa ya Kusini-Mashariki, pamoja na LSU, Tulane, Mississippi na Auburn. Vyuo hivyo sasa vilikuwa na fedha na wanafunzi maelfu. Sewanee walibaki wadogo kama zamani. Walicheza mechi 37 za ligi hiyo, wakafungwa zote 37, na mwaka 1940 wakajitoa. Bado wanacheza mpaka leo, ila daraja la chini ambalo vyuo vyake havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya mpira.