Nizwa, Mji wa Jangwani Unaoishi kwa Zamu

Mtu akitajiwa jangwa huona moyoni mwake mchanga mtupu, ngamia wenye kiu, na jua lisilo na huruma. Si rahisi kwake kufikiri ya kuwa mahali kama hapo paweza kuwako mji wenye soko na misikiti, watoto wa kucheza njiani na bibi arusi wa kupambwa. Lakini miji ya namna hiyo iko, na mmojawapo jina lake lajulikana tangu zamani katika pwani yetu, kwa kuwa jamaa nyingi za Unguja, Pemba na Mombasa asili yao ni katika nchi ile. Nao ni Nizwa, katika nchi ya Oman.

Katika mazungumzo haya tutautazama mji huo, si kwa habari za vita vyake tu, bali zaidi kwa jambo lililowawezesha watu kuzaa na kulea watoto pale kwa zaidi ya miaka elfu. Jambo hilo ni namna walivyogawana maji.

Nizwa uko bara, karibu maili 100 kutoka bandari ya Maskati, chini ya milima mirefu iitwayo Jebel Akhdar, maana yake Mlima wa Kijani. Mvua ni haba sana, na wakati wa kiangazi joto hupita digrii 40. Mto mkubwa wenye maji ya siku zote hakuna. Yako mabonde makavu tu, ambayo mvua kubwa ikinyesha milimani hujaa gharika kwa muda wa saa chache, kisha yakarudi kuwa mawe na changarawe. Kama watu wangalingoja maji ya mvua yawafikie mashambani, wangalikwisha kufa zamani. Lakini maji yanayoanguka milimani hayapotei yote. Sehemu yake huzama katika changarawe na nyufa za miamba, yakakaa chini ya ardhi kama fedha iliyowekwa akiba. Kazi ni kuyafikia na kuyatoa.

Kazi hiyo Waomani waliifanya kwa kuchimba mifereji waiitayo falaji. Falaji kubwa huanza karibu na mlima. Mafundi huchimba kisima kirefu mpaka wakute maji; kisima hicho huitwa mama wa falaji. Kisha huchimba njia chini ya ardhi kutoka kisimani kuelekea mjini, yenye mteremko mdogo sana. Mteremko ukizidi, maji hukimbia na kuila sakafu. Ukipungua, matope hutulia na kuziba njia. Kila baada ya hatua kadhaa hutobolewa shimo la kwenda juu, ili hewa iingie na udongo utolewe. Mtu akisimama mlimani huona mafungu ya udongo yamepangwa mstari mmoja kama vichuguu, naye hujua kwamba chini yake maji yapita. Hatimaye njia hutokea juu ya ardhi karibu na mashamba, na maji hutoka yenyewe bila ndoo wala kamba.

Falaji ikikutana na bonde, mafundi hufanya hila nyingine. Huchimba kisima kila upande wa bonde na kuviunganisha kwa chini. Maji huteremka upande huu yakapanda upande wa pili, kwa kuwa maji siku zote hutafuta usawa wake. Hivyo gharika hupita juu na maji ya mji hupita chini, wala hayachanganyiki. Katika kazi hizi watu wa kabila la Awamir wana sifa kubwa nchini Oman. Ni kazi ya hatari, maana mtu hutambaa gizani na ardhi yaweza kumwangukia.

Wazee wa Oman husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daudi alipita nchi ile, akaona watu wana shida ya maji, akawaamuru majini wachimbe mifereji elfu kumi kwa siku kumi. Ndiyo maana falaji za namna hii huitwa za Daudi hata leo. Wataalamu wa mambo ya kale waona kwamba ni mikono ya wanadamu iliyofanya kazi hiyo, na kwamba dalili za kumwagilia mashamba katika nchi ile ni za kale sana, kiasi cha miaka 2500 kabla ya kuzaliwa Kristo.

Falaji iliyo mashuhuri katika Nizwa huitwa Daris. Tuyafuate maji yake na ya falaji nyingine za nchi ile mpaka majumbani. Maji yakitokea juu ya ardhi, mahali pa kwanza ni pa kuchota maji ya kunywa. Hapo mtu yeyote huchota bure, tajiri na maskini, mwenyeji na mpita njia. Chini yake hufuata misikiti, kwa ajili ya udhu, kisha mahali pa kuogea wanaume, na mahali pa kuogea wanawake palipositiriwa kwa kuta. Pako na mahali pa kuoshea maiti. Baada ya hayo ndipo maji huingia mashambani. Mpango huo wenyewe ni elimu: kinywa cha mtu hutangulia mti wake, na usafi wa watu wote hutangulia faida ya mmoja.

Maji yakifika mashambani hugawanywa kwa wakati. Kipimo chao huitwa athar, nacho ni muda wa nusu saa hivi. Kila mwenye fungu ana athar zake katika mzunguko wa siku kadhaa, na zamu yake ikifika, mfereji wote ni wake mpaka muda uishe. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini. Usiku walipima kwa kuchomoza na kuchwa kwa nyota walizozijua kwa majina. Siku hizi mahali pengi hutumia saa ya mkono. Msimamizi wa falaji huitwa wakili, na chini yake yuko arifu anayejua zamu za watu. Mafungu mengine ya maji ni wakfu wa misikiti, na mengine ni mali ya falaji yenyewe; hukodishwa kwa mnada, na fedha zake hulipa mafundi wa kusafisha na kutengeneza.

Basi tazameni jinsi jambo hilo linavyoingia katika maisha ya jamaa. Mtu akifa, warithi wake hugawana maji kama wanavyogawana mitende, na mabinti nao hupata mafungu yao kwa sheria. Mwanamke asiyeweza kulima aweza kuikodisha nusu saa yake akapata cha kununulia chakula. Zamu ikiangukia usiku wa manane, baba humwamsha mwanawe, wakatoka pamoja kwenda kuondoa jiwe na matambara yanayoziba mlango wa mfereji. Hivyo mtoto hujifunza hesabu, majina ya nyota, mipaka ya shamba, na haki ya jirani, kabla hajashika kalamu.

Nyumba za kale za mji zimejengwa kwa matofali ya udongo, zenye kuta nene za kuzuia joto, na dari za magogo ya mitende. Wakati wa kiangazi watu walilala darini kwa ajili ya upepo. Mgeni akifika huletewa kwanza tende, kisha kahawa yenye iliki. Haluwa ya Nizwa nayo ina sifa, na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa ladha yake, kwa maana ilivuka bahari pamoja na wageni wetu. Asubuhi ya Ijumaa hufanywa mnada wa wanyama: wauzaji huzungusha mbuzi na ng'ombe mbele ya wanunuzi waliokaa duara, na bei hutajwa kwa sauti kuu.

Mti wa mji huo ni mtende. Mitende mingine ni dume na mingine jike, na mkulima hangojei upepo; hupanda juu na kutia maua ya dume katika karara la jike kwa mkono wake. Tende huvunwa wakati wa joto kali. Nyingine huliwa mbichi, nyingine hukaushwa, na nyingine, ziitwazo mabsali, huchemshwa na kuuzwa hata Bara Hindi. Tende za akiba hurundikwa katika magunia ndani ya chumba chenye vijito sakafuni, na uzito wake wenyewe hukamua asali ikatiririka mpaka mtungini. Chini ya kivuli cha mitende hupandwa ndimu, ndizi na majani ya mifugo. Hata kuti na kumbi havitupwi. Hufumwa mikeka na kusokotwa kamba.

Sasa tuangalie habari za mji kwa miaka yake. Tangu mwaka 793 Nizwa ulikuwa makao ya Maimamu wa Oman. Mmoja wao, Imamu Warith bin Kaab, alikufa mwanzoni mwa karne ya 9. Waandishi wa tarehe husimulia kwamba gharika ilishuka bondeni na wafungwa walikuwa katika hatari ya kuzama. Imamu akaenda kuwaokoa, na maji yakamchukua. Mji ulioogopa ukosefu wa maji ulimpoteza mtawala wake kwa wingi wa maji. Ndivyo jangwa lilivyo.

Mwaka 893 lilikuja jeshi kutoka kwa Khalifa wa Baghdad, likiongozwa na Muhammad bin Nur. Habari za ukatili wake ni nyingi, lakini jambo ambalo Waomani hawakulisahau ni kwamba alifukia falaji. Adui huyo alifahamu ya kuwa mji wa jangwani huuawa kwa kuzibwa mfereji wake, kwa maana nyumba iliyoteketezwa hujengwa tena kwa mwaka mmoja, bali falaji iliyofukiwa huhitaji kazi ya miaka mingi, na mitende hufa ikingoja.

Hata hivyo mji ulisimama tena. Karibu na mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, baada ya kuona Mombasa na Kilwa katika pwani yetu, alifika Oman akaingia Nizwa. Aliandika kwamba aliona bustani na vijito vimeuzunguka mji, na masoko mazuri, na kwamba watu wake hula pamoja katika nyua za misikiti, kila mtu akileta alicho nacho, na wapita njia wakila pamoja nao.

Katika karne ya 17 walitawala Maimamu wa ukoo wa Yaarubi. Imamu Sultan bin Saif aliwafukuza Wareno katika Maskati mwaka 1650, naye ndiye aliyejenga ngome kubwa ya mviringo ya Nizwa. Wasema kazi ilichukua miaka 12. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Sisi twamjua kwa ngome ile. Lakini waandishi wa Oman humsifu pia kwa jambo jingine: kwamba alitengeneza falaji 17 na kupanda mitende 30,000. Kwao mtawala hupimwa kwa vita vyake na kwa maji yake pia.

Baada ya hapo zilikuja fitina, na katika karne ya 19 watu wengi wa bara ya Oman walipanda majahazi kuja Unguja na mrima. Wengine walikuja kwa biashara, na wengine walikimbia ukame na umaskini. Wajukuu wao wengi walirudi Oman baada ya mwaka 1964, hasa tangu mwaka 1970, na ndiyo sababu mpaka leo Kiswahili husikika katika nyumba nyingi za Oman.

Tangu miaka ile ya 1970 hatari mpya imetokea, na safari hii haikuletwa na jeshi. Ni pampu. Mwenye pampu huchimba kisima katika shamba lake, huvuta maji saa aitakayo, wala hana haja ya zamu, arifu, wala jirani. Yeye hufurahi, bali maji ya chini ni akiba moja ya watu wote, na visima vikizidi, hushuka mpaka mama wa falaji akauke. Falaji zilipohesabiwa nchini Oman mwaka 1997 na 1998, zilikuwa 4,112, lakini zilizokuwa hai ni 3,017. Serikali ilitunga sheria za kuzuia visima karibu na chanzo cha falaji, na mwaka 2006 Daris na falaji nyingine 4 ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Sheria na orodha ni vitu vyema, lakini havitoshi. Jiwe linaloziba mlango wa mfereji ni dogo. Mtoto aweza kuliondoa usiku, akaiba nusu saa ya mjane, wala nyota hazitasema. Kama kila mtu angalifanya hivyo, mji usingalidumu hata miaka kumi. Umedumu zaidi ya miaka elfu kwa sababu, usiku baada ya usiku, watu wengi waliliacha jiwe mahali pake mpaka zamu yao ifike.