Bunkeya: Mji Mkuu Usio na Magofu

Baada ya ziara yetu ya Bunkeya, mwanafunzi mmoja aliandika katika taarifa yake, chini ya kichwa "Mabaki ya mji mkuu", neno moja tu: hakuna. Sikumlaumu. Alikuwa amekwisha kusoma habari za Vijayanagara, mji mkuu wa dola kubwa ya kusini mwa Bara Hindi, ulioasisiwa katika karne ya 14 na kuporwa mwaka 1565 baada ya vita vya Talikota. Huko, mahali paitwapo Hampi, mgeni hutembea kutwa nzima baina ya mahekalu, masoko na mabanda ya tembo, yote ya mawe. Aliyezoea magofu ya aina hiyo, au yale ya Kilwa na Gedi huko pwani, akishika njia ya Lubumbashi, akapita Likasi na kufika Bunkeya, ataona nini? Uwanda, mto mdogo, vilima, na makazi ya watu walio hai.

Hata hivyo hapo ndipo palipokuwa na kitovu cha dola iliyoitwa Garenganze. Mwasisi wake, Msiri, ambaye jina lake la awali lilikuwa Ngelengwa, alitoka kwa Wasumbwa wa Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba aliyeizoea njia ya Katanga. Mwana akaifuata njia hiyo, na katikati ya karne ya 19 akalowea. Watu wake ndio Wayeke, jina linalohusishwa na chama cha wawindaji wa tembo cha kwao Unyamwezi. Bunkeya ilikaa penye njia panda: mashariki misafara ilielekea Tabora, Bagamoyo na Zanzibar, magharibi ilielekea Bihe na Benguela. Zilitoka pembe, shaba, chumvi na watumwa. Ziliingia bunduki, baruti, shanga na nguo. Misafara mingi ya njia ya mashariki ilitegemea mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, na kwa sababu hiyo Bara Hindi haikuwa mbali na Bunkeya kama ramani inavyotufanya tudhani.

Mmisionari Mskoti Frederick Stanley Arnot, aliyefika huko mwezi wa Februari 1886 akitokea Benguela, hakukuta mji uliozungushiwa ukuta mmoja. Alikuta vijiji vingi vilivyotawanyika uwandani, na wake wa mfalme pamoja na wakuu wake wakiwa na nyua zao na watu wao. Nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Mji wa namna hiyo hauachi gofu. Mchwa, moto wa kiangazi na mvua huumaliza katika miaka michache, nao unaweza kuwa ulitawala nchi kubwa kuliko miji mingi ya mawe. (Wazungu waliofika Bunkeya walipenda kusimulia mafuvu yaliyotundikwa juu ya miti ya ua wa mfalme. Mafuvu yalikuwapo. Ila msomaji na ajiulize kwa nini mafuvu hayo yalisimuliwa sana katika miaka ileile ambapo kampuni mbili za Ulaya zilikuwa zikigombea shaba ya Katanga.)

Mgombea wa kwanza, Alfred Sharpe, aliyetumwa kwa masilahi ya Waingereza na kampuni ya Cecil Rhodes, alifika mwishoni mwa 1890 akarudi mikono mitupu. Mwaka 1891 Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili nayo ilituma misafara: Paul Le Marinel, kisha Alexandre Delcommune, na hatimaye Kapteni William Stairs, Mkanada aliyeajiriwa na Kampuni ya Katanga. Stairs aliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Mfalme alikataa kuipokea bendera. Tarehe 19 ikapandishwa bila ridhaa yake. Kesho yake, katika kijiji cha Munema, Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akafa, na Bodson naye akauawa.

Jambo moja halitajwi mara nyingi. Wengi wa watu wa Stairs walikuwa watu wa Zanzibar na pwani. Kiswahili, basi, kilikuwamo katika kambi ya wauaji, nacho kilikwisha kufika pia katika mji wa aliyeuawa. Tuliozoea kukisifu Kiswahili kuwa ni lugha ya maelewano hatuna budi kulikumbuka hilo.

Wala tusiufanye mji huo kuwa pepo iliyopotea. Wasanga, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa wameasi kabla Stairs hajafika, na uasi pamoja na njaa ulikuwa umekwisha kuidhoofisha Bunkeya. Kwao ulikuwa mji wa mtekaji. Aidha, mrithi wa Msiri, Mukanda-Bantu, alikubali utawala wa Dola, na wapiganaji wake wakatumika dhidi ya Wasanga hao hao. Bunkeya ikahamwa, Wayeke hawakuirudia hadi baada ya takriban miaka ishirini. Anayeulizia mabaki ya mji huo na aulize katika nyumba za pande zote mbili, kwa maana majibu hayatafanana.

Baadhi ya wanafunzi wetu husema kuwa mabaki makubwa ya Bunkeya ni Kiswahili tunachosema Lubumbashi. Ningependa iwe hivyo, lakini ushahidi haukubali moja kwa moja. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na Kiswahili chake kilikua katika reli, migodi na kambi za wafanyakazi waliokusanywa kutoka mbali. Johannes Fabian amelieleza hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni. Kilichotoka Bunkeya ni kijito kimoja katika mto wenye vijito vingi.

Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri. Mwili wake ulirudishwa kwa watu wake uzikwe, lakini kichwa kilikuwa kimekatwa. Masimulizi yanasema kilichukuliwa na wageni, na mpaka leo wapo wanaouliza kiko wapi.