Ustahiki wa Kuruka

Tarehe 6 Novemba 2022 asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilitumbukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Baada ya msiba kama ule, abiria wa Bukoba akiuliza kama ndege anayoipanda ni nzima, asichekwe.

Ila uzima ni nusu tu ya jambo. Istilahi ya wataalamu wa ndege ni airworthiness, na Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa kinaipa masharti mawili yanayokwenda pamoja: ndege, injini au kipuri kilingane na usanifu ulioidhinishwa, tena kiwe katika hali ya kutumika kwa usalama. Fundi akifunga bolti imara isiyo na hati ya kuonyesha ilikotoka, huenda ndege ikaruka vizuri mwaka mzima. Hata hivyo sharti la kwanza limevunjika, na mkaguzi ana sababu ya kuizuia.

Ndiyo maana mkaguzi hutumia muda mwingi kwenye makaratasi kuliko wengi wanavyodhani. Spana ni ya fundi. Mkaguzi hulinganisha namba ya kipuri na kumbukumbu zake, huangalia nani alitia saini na kama leseni yake inamruhusu, ndipo ageukie matairi na mafuta yanayovuja.

Wapo wanaoitafsiri airworthiness kuwa “ubora”. Kwangu neno hilo linanuka soko. Hata kahawa ina ubora. Napendelea “ustahiki wa kuruka”, kwa kuwa ustahiki ni hadhi ambayo mtu au chombo hupewa kwa utaratibu na huweza kuipoteza, kama mstahiki meya na kiti chake. Hadhi hii ya kuruka ni ya ndege na sehemu zake tu. Haisemi lolote kuhusu rubani wala wingu lililotanda juu ya ziwa, na hayo huachiwa wachunguzi wa ajali.

Cheti cha ustahiki huo hutolewa na nchi iliyoisajili ndege. Yenye 5H ubavuni ni ya Tanzania, na mwenye kauli ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ikitua Bukoba yenye 5Y, mkaguzi wa Tanzania anaweza kukisoma cheti na kuikagua ndege, lakini kukihuisha ni kazi ya Kenya.